Mvumo Tuliouzima kwa Redio



Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Safari hii tunawaletea kisa cha mtungi wetu wenyewe, yaani gari la nyumbani, pamoja na swali lililotukaa moyoni tangu tulipoliuza: je, mtu anayekataa kuchungulia ana haki ya kusema hakujua?

Tunaishi Rayners Lane, kaskazini-magharibi mwa London. Mwezi wa pili gari letu lilianza kuvuma. Chini ya maili 30 kwa saa lilikuwa kimya. Likifika 40 lilitoa sauti kama ya nyuki walio mbali, na kila mwendo ulipozidi sauti nayo ilizidi. Mmoja wetu alisema ni tairi, mwingine akasema ni lami mbovu, na sote wawili tukaongeza sauti ya redio. Tukaenda hivyo miezi mitatu. Kila Jumamosi tulipakia watoto wetu na wa majirani kuwapeleka masomoni.

Mwezi wa tano akaja mnunuzi, kijana wa Tanga aliye katika mwaka wake wa kwanza nchini. Alikuwa amepata kazi ya alfajiri huko Heathrow. Wenyeji wa huku wanajua kwamba treni ya Piccadilly inayopita kwetu haiendi Heathrow. Sharti urudi mpaka Acton Town ubadilishe, na saa za zamu yake treni ya kwanza haijatoka. "Shikamoo mjomba, shikamoo shangazi," alisema, akalizunguka gari, akaliendesha polepole hadi kwenye lile jengo la sinema la mwaka 1936 katika Alexandra Avenue, akarudi. Kwa mwendo ule mvumo haukusikika. Akaahidi kuleta pauni 900 wiki ya pili yake, akipata mshahara.

Usiku ule tulikaa tukitafuta visingizio, navyo havikukosekana. Cha kwanza kilikuwa cheti cha MOT, kwani gari lilipita ukaguzi mwezi wa kumi na mbili. Lakini cheti hueleza hali ya gari siku ya ukaguzi tu, hakiwezi kueleza miezi iliyofuata. Cha pili kilikuwa sheria. Hapa Uingereza mtu binafsi anayeuza gari lake halazimiki kutaja kila kasoro, mradi asiseme uongo. Ni kweli, lakini Sheria ya Barabara ya mwaka 1988 inakataza mtu yeyote, hata asiye mfanyabiashara, kuuza gari lisilofaa kuwa barabarani.

Tukabaki na kisingizio cha tatu, nacho ndicho kilichotufaa zaidi: hatuna hakika kama gari ni bovu. Basi tulipokitazama vizuri tukaona hatukuwa na hakika kwa sababu hatukutaka kuwa nayo. Jeki ilikuwa ndani ya buti miezi yote mitatu. Kutojua kwetu hakukuwa bahati mbaya. Tulikutunza kama mtu atunzavyo akiba.

Neno aibu tulilipata kwa Waarabu, na kwao lina maana ya kasoro, hata ile ya bidhaa. Katika sheria ya Kiislamu mnunuzi aliyefichwa aibu ya kitu ana haki ya kukirudisha. Sisi Waswahili tumelichukua neno hilo tukalitia katika uso wa mtu. Usiku ule tulielewa kwamba maana hizi mbili hazikuachana sana: kasoro ya gari, ukiifunika, inahamia kwako.

Jumamosi tuliinua gari kwa jeki, tukaliweka juu ya stendi. Tulikuwa tumeapa kwamba mvumo unatoka kushoto. Tukashika gurudumu la kushoto juu na chini, mahali pa saa sita na saa kumi na mbili, tukalisukuma na kulivuta, halikucheza. Tukalizungusha kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika springi; lilikuwa laini. La kulia likacheza kidogo, na tulipolizungusha springi ikatetemeka kama yenye mchanga ndani. Hapo tukakumbuka kwamba mvumo ulizidi tulipokata kona kushoto. Ndivyo inavyokuwa: ukikata kushoto, uzito wa gari unahamia kulia, na beringi ya kulia ndiyo inayolia.

Kwa hiyo hata tungetoboa siri bila kuchunguza, tungemwambia kijana habari ya gurudumu lisilo na kosa. Wajibu wa kusema ukweli unatanguliwa na wajibu wa kuutafuta.

Magari mengi ya zamani tuliyoyajua nyumbani beringi zake za mbele zilifunguliwa, zikaoshwa kwa mafuta ya taa, zikapakwa grisi mpya na kurudishwa. Hii ya kwetu imezibwa kiwandani. Maji na chumvi ya barabara vikishapenya, dawa ni kuibadilisha. Tulilegeza nati kubwa ya ekseli gari likiwa bado chini, tukatoa breki na kile chuma kinachobeba gurudumu, tukakipeleka gereji yenye presi. Fundi alituonya mambo mawili. Beringi mpya isukumwe kwa ukingo wake wa nje, kwa maana ukiisukuma kwa ndani nguvu yote inapita kwenye gololi na unaiua siku ya kwanza. Tena upande wenye sumaku uelekee kihisi cha breki, la sivyo taa ya ABS itawaka. Tukafunga nati mpya na kuikaza kwa kipimo cha mtengenezaji. Gharama yote ilikuwa pauni 70, nasi hatukuiongeza kwenye bei.

Kijana alipokuja tulimwonyesha beringi ya zamani. Aliizungusha mkononi, akasikia inavyokwaruza. Tulimweleza kwamba beringi ikiachwa hivyo inapata joto, uchezaji unazidi, na mwishowe gurudumu lenyewe linaweza kukwama au kuchomoka. Akauliza kwa adabu, "Mjomba, mlijua tangu lini?"

Tukamjibu kweli: tangu mwezi wa pili. Akatazama nyuma, ambako kiti cha mtoto kilikuwa hakijaondolewa, asiseme neno.

Hapo ndipo tulipopata jibu la swali letu. Tulidhani tunamwepusha yeye na hatari, kumbe wa kwanza kudhulumiwa walikuwa watoto wa majirani. Hao hawakuwa na cheti cha kusoma wala bei ya kupatana. Walipanda tu kwa sababu walituamini. Kutojua kunamsamehe aliyejaribu kujua. Sisi hatukujaribu, na wazazi wao tumekwenda kuwaomba radhi mmoja mmoja.

Ndugu msomaji, kama kuna kitu kinavuma, iwe garini au nyumbani kwako, zima redio kwanza usikilize.