Steringi Anaposamehewa

Katika tamthilia za mapenzi za Thailand, mtazamaji hujua nani atasamehewa kabla hajamjua mtu yeyote kwa jina. Kijana akishuka garini, kamera ikampanda taratibu kutoka viatu hadi miwani na muziki ukamfuata, huyo ataoa, hata afanye nini katikati. Mwanamke akiingia na wanja mkali, akasimama kando ya ngazi akiyasema moyoni maneno tunayoyasikia sisi peke yetu, huyo ameshahukumiwa. Kitakachobaki ni kujua tu kama ataishia gerezani, wodi ya wagonjwa wa akili au kaburini.

Wathai huziita lakorn. Huonyeshwa usiku baada ya taarifa ya habari, na kila moja ina siku zake za wiki: hii ya Jumatatu na Jumanne, ile ya Jumatano na Alhamisi, nyingine ya kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Sehemu moja huchukua karibu saa mbili ukihesabu na matangazo, na hadithi nzima humalizika ndani ya miezi michache, si kama zile za Mexico tulizokua nazo, ambazo mtoto angeweza kuzaliwa, akaota meno, akaanza kutembea, na bado harusi haijafungwa. Mimi huzitazama kupitia intaneti, maandishi ya Kiingereza yakikimbia chini ya picha, na sioni haya kusema kwamba nazipenda. Napenda makofi yanayolia kuliko mkono unavyoweza kulia. Napenda watumishi wambeya wanaotiliwa sauti za katuni kila wanaposhtuka. Napenda bibi mwenye nyumba aliyekaa kwenye kiti cha mbao za thamani huku kijakazi akimsogelea kwa magoti na sinia mkononi, maana hapo huwa najua kuna siri ya urithi inakuja.

Lakini kuna aina moja ya lakorn inayonikalisha macho usiku hata baada ya kuzima simu. Ni ile ambayo kijana anamtesa msichana, kisha anampenda, kisha anapendwa. Wathai wenyewe wameipa jina la kofi na busu, na halihitaji maelezo.

Chukua Jam Loey Rak, iliyoonyeshwa na Chaneli ya 3 mwaka 2008. Hadithi yenyewe ni ya zamani, imetoka kwenye riwaya ya Chuwong Chayachinda na ilikwisha kuigizwa mara kadhaa kabla ya hapo. Harit anampoteza mdogo wake kwa ajili ya mapenzi, na anaamini kwamba mwanamke aliyemvunja moyo marehemu lazima alipe. Anamteka. Ila amekosea mtu: aliyemteka ni Soraya, binamu wa yule anayemtafuta. Soraya anasema mimi siye, anakataa, analia, na haaminiwi. Anafungiwa mbali na watu, anafanyishwa kazi, anatukanwa. Na katika kutekwa huko huko, mapenzi yanaota. Ukweli unapojulikana, swali ambalo tamthilia inaliuliza si kama Harit ashtakiwe. Inauliza kama Soraya ataweza kuusikiliza moyo wake.

Shangazi yangu alikaa nami kutazama moja ya aina hii. Hasomi maandishi ya chini, na nilipoanza kumtafsiria alinikatiza: “Acha, mwanangu, naona.” Na kweli alikuwa anaona. Baada ya muda akasema, “Huyu kijana sasa ataugua.” Nikamuuliza amejuaje. Akanitazama kama vile nimeuliza kwa nini adhana huadhiniwa. “Si amemkosea sana? Ataugua, binti amkande kwa kitambaa, yaishe.”

Haikupita sehemu moja, kijana akapigwa risasi ya bega. Homa ikapanda. Binti akaleta beseni la maji.

Toka siku hiyo nimekuwa nikiviangalia vitambaa hivyo vya kukandia kwa jicho jingine. Humo ndimo malipo yanamofanyika. Steringi hafi, kama tulivyokuwa tukisema kwenye vibanda vya video utotoni, lakini lazima avuje damu kidogo, na damu hiyo huhesabiwa kuwa deni limelipwa. Hakuna anayekaa chini kupiga hesabu ya alichopoteza msichana: kazi aliyoachishwa kwa kutoonekana, jina lililochafuka mtaani kwao, mama aliyekaa hajui mwanawe yu hai au la. Mateso ya mwanamume yanawekwa kwenye mizani upande mmoja, ya mwanamke upande wa pili, na homa ya siku mbili inalingana na miezi ya kufungiwa. Kisha tunalia. Mimi pia nalia, tena vizuri sana, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Mwaka huohuo wa 2008 chaneli hiyohiyo ilionyesha Sawan Biang, wakiigiza Ken Theeradeth na Anne Thongprasom, nyota wawili ambao Thailand nzima ilikuwa ikiwajua. Kawee anamchukia mke mpya wa baba yake. Chuki hiyo anaimalizia kwa mdogo wa yule mke, Narin, na anaimaliza kwa kumbaka. Narin anapata mimba, anaondoka. Nusu ya pili ya tamthilia ni majuto ya Kawee: anatafuta, anakonda, anabembeleza, anafukuzwa, anarudi. Ken aliigiza majuto hayo kwa namna ambayo hata mtu mwenye moyo mgumu angelegea. Na mwisho wanarudiana.

Mwaka mmoja kabla yake, 2007, Thailand ilikuwa imerekebisha kifungu cha 276 cha sheria yake ya jinai. Hadi wakati huo kosa la kubaka lilielezwa kuwa ni kwa mwanamke asiye mke wa mtendaji. Marekebisho yakaondoa kinga hiyo ya mume. Kwa hiyo taifa lilikuwa limetoka tu kuandika kwenye vitabu vyake kwamba ndoa haifuti kosa, na kila usiku wa zamu likawa linakaa mbele ya televisheni kutazama hadithi ambayo mwisho wake, ukiuvua muziki na machozi, ni kwamba ndoa imefuta kosa. Silisemi hili kwa kejeli. Watu wale wale wanaweza kuyataka yote mawili, sheria kali mchana na Kawee usiku, na kutaka huko kunahitaji kueleweka kabla ya kulaumiwa.

Riwaya ambazo tamthilia hizi hutokana nazo kwa sehemu kubwa zimeandikwa na wanawake na kusomwa na wanawake. Sawan Biang ni ya Krisna Asoksin, mwandishi aliyepata tuzo ya SEA Write mwaka 1985, si mtu wa kuandika ovyo. Hadithi za namna hii zilikuwa zikitoka kipande kwa kipande kwenye majarida kama Sakul Thai, lililodumu tangu 1954 hadi lilipofungwa mwaka 2016, na mama aliyekuwa akisubiri toleo la wiki hakuwa mjinga wala hakuwa akipenda kupigwa. Nadhani alikuwa akisubiri ile nusu ya pili. Katika maisha, mwanamume aliyekuumiza hakondi. Haji kusimama nje ya geti lako kwenye mvua. Haulizi tena. Mara nyingi humaliza chakula chake, akaomba chai, na siku zikaenda. Lakorn inampa mwanamke kitu ambacho dunia humnyima, nacho ni mwanamume anayekumbuka alichokifanya, anayekosa usingizi kwa ajili yake, na anayepiga magoti mbele ya watu. Kofi la sehemu za mwanzo ni gharama ambayo mwandishi analipa ili ayafikie magoti ya sehemu za mwisho. Nikilitazama hivyo, naona kiu ya haki ndani ya kitu ambacho kwa nje kinafanana na kuridhia dhuluma. Ila kiu hiyo inanyweshwa maji ya chumvi, kwa sababu magoti yakishapigwa, mwanamke hana ruhusa ya kusema “nimesikia, sasa nenda.” Hadithi haimpi. Watazamaji hatumpi. Tungevunja televisheni.

Upande wa pili wa mizani yuko yule wa wanja mkali. Thailand ni nchi ya Wabuddha, na mafundisho ya kamma yanasema kila tendo linamrudia mtendaji wake; hayachagui sura wala jinsia. Lakini kamma ya lakorn inachagua. Mwanamke mbaya naye anapenda, tena mara nyingi anampenda mwanamume yuleyule. Anasema uongo, anamwaga sumu kwenye supu, anamsukuma mwenzake ngazini. Ni makosa makubwa, sikatai. Ukiyapanga kando ya kuteka na kubaka, hata hivyo, hayazidi kwa uzito. Yeye haugui homa ya kukandwa. Anarukwa na akili huku nywele zimemfunika uso, na tunapumua kwa raha.

Tamthilia iliyojaribu kuichezea mizani hiyo ni Raeng Ngao ya 2012, ambamo Janie Tienphosuwan aliigiza mapacha wawili. Mutta, mpole na mshamba wa mambo ya mjini, analaghaiwa na bosi wake mwenye mke, anaaibishwa hadharani na mke huyo, na anajiua. Munin anarudi na sura ileile ya marehemu kulipiza. Ghafla mwenye wanja mkali ndiye tunayemshangilia. Nakumbuka nikishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi: alichohitaji mwanamke mkali ili apendwe kilikuwa ni kupewa sababu.

Siyo kwamba Wathai hawagombani kuhusu haya. Mwaka 2008, tamthilia iitwayo Songkhram Nang Fah iliwaonyesha wahudumu wa ndege wakivutana nywele wakiwa na sare kwa ajili ya rubani, na wahudumu wa kweli wakapeleka malalamiko serikalini kwamba kazi yao inadhalilishwa. Walikuwa na haki. Walichokuwa nacho, ambacho Soraya na Narin hawana, ni chama. Miaka sita baadaye watazamaji wa kawaida wakakusanya maelfu ya saini kutaka matukio ya ubakaji yaache kupambwa kama mapenzi. Julai ya mwaka huo wa 2014, binti wa miaka 13 alibakwa na kuuawa ndani ya treni ya usiku, na nchi nzima ikalipuka kwa hasira, wengi wakidai wabakaji wauawe. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba adhabu ya kifo na harusi ya sehemu ya mwisho zinatoka kwenye ugonjwa mmoja. Mbakaji asiyejulikana ni mnyama, auawe. Mbakaji tuliyemzoea sura na tukamlilia ni mwenzetu, asamehewe. Katika hukumu zote mbili, aliyetendewa hajaulizwa kitu.

Sisi tunaotazama kutoka pwani hii hatuna pa kusimama tukanyoosha kidole. Neno “yaishe” alilolitumia shangazi limetoka kwenye vikao halisi. Kesi ya binti hupelekwa sebuleni badala ya polisi, wazee hukaa, soda huletwa, familia mbili huongea kuhusu heshima, na binti yuko chumba cha ndani akisubiri kuambiwa amesamehe. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya Tanzania ya mwaka 1998 iliongeza ukali wa adhabu, lakini mke anayeishi na mumewe bado yuko nje ya maelezo yake ya kubaka, isipokuwa wawe wametengana. Pale Thailand ilipokuwa kabla ya 2007, ndipo tulipo. Kwa hiyo shangazi alipotabiri homa hakuwa na uganga wowote. Alikuwa anakijua kikao.

Lakorn niliyoipenda kuliko zote ni Buppesannivas ya 2018, ile iliyowafanya Wathai wavae mavazi ya mababu na kumiminika Ayutthaya kupiga picha kwenye magofu ya Wat Chaiwatthanaram. Ketsurang, msichana aliyesomea akiolojia, anakufa kwenye ajali ya gari, na roho yake inaingia ndani ya mwili wa Karakade, binti wa kikabaila wa enzi ya mfalme Narai, zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Karakade alikuwa mwovu kwelikweli: aliwatuma watu wapindue mtumbwi wa mpinzani wake, na mtumishi akafa maji. Det, mchumba wake, anamchukia na ana kila sababu. Sasa anamwona amebadilika, anacheka na vijakazi, anauliza maswali ya ajabu, na haamini. Anamchunguza. Anamtega. Sehemu kwa sehemu anangoja kuona kama wema huu utadumu, na hakuna anayemharakisha, wala mama yake, wala muziki, wala sisi. Akianza kulegea, tunajua amelegea kwa sababu ameona mwenendo, hakuona homa.

Huo ndio msamaha bora niliowahi kuuona kwenye lakorn: wa polepole, wenye macho, wenye haki ya kukataa. Amepewa mwanamume autoe. Na Karakade mwenyewe hakuupata hata kidogo. Ilibidi kwanza afe, roho ya mwanamke mwingine ivae mwili wake, ndipo sura hiyo ipendwe. Nilimweleza shangazi jambo hili sehemu ya nane ikiendelea. Akaniambia nipishe, namziba Det.