Mjukuu Wangu, Kibali Kwanza, Lori Baadaye

Mjukuu wangu, nimesikia umepata mtaji na unataka kuingiza mahindi Kenya kutoka Tanzania kupitia Namanga. Nimefurahi. Ila umenieleza habari za lori, bei na ghala. Habari za vibali sijazisikia, na hapo ndipo moyo wangu haukutulia.

Anayenunua kwanza akaomba ruhusa baadaye, hununua hasara. Andikisha biashara, pata namba ya mlipakodi ya KRA, ujisajili kama mwagizaji. Kibali cha KEPHIS, shirika linalokagua afya ya mimea Kenya, kiombe kabla gunia hata moja halijapakiwa, kisha nakala yake mpelekee muuzaji wako. Wakaguzi wa mimea wa Tanzania huitazama hiyo ndipo watoe cheti cha afya ya mimea.

Hayo ya ofisini utayamaliza. Ninachokiogopa mimi ni sumukuvu.

Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, na aflatoksini, yaani sumukuvu hiyo, isizidi sehemu 10 katika bilioni. Jicho gani litaona hilo? Nayajua mazoea ya sokoni: bambo linachomwa kwenye gunia, punje zinamwagika kiganjani, mtu anatafuna moja, ikilia anasema kavu, tulipe. Meno hupima ukavu, sumu hayaijui. Gunia hili laweza kuwa safi na la pembeni yake likawa na sumu, na kupika ugali hakuiondoi.

Nakusihi, mwanangu, toa sampuli katika magunia mengi, uzipeleke maabara kabla hujalipa. Gharama ya kipimo itakuuma. Lipa tu.

Mwaka 2004, huku Kenya, katika Makueni, Kitui na jirani zao, watu 317 waliugua kwa sumu hii na 125 wakafa. Walikula mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu. Hawakuwa wazembe, walikuwa na njaa.

Na Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo. Malori yakakwama Namanga, na mahindi yakiwa ndani. Siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kiwango cha sumu, na cheti cha uasili kiwepo.

Atatokea mtu akunong'oneze kuhusu njia ya panya. Nakusihi, usimfuate. Mwingine atataka kukuazima cheti chake. Kikatae, kimeandikiwa mzigo wake, wako hakiujui. Mahindi yako yatasagwa, yawe uji wa mtoto usiyemjua, na mama yake hatakuwa na maabara jikoni.

Basi kabla hujamtumia muuzaji pesa, njoo nyumbani na karatasi zote. Tutazisoma mimi na wewe, moja moja. Ikikosekana hata moja, mwambie muuzaji asubiri. Akikataa kusubiri, mwache auze kwingine.