Mibiringanya Iliyonyauka Mchana

Kwenye miteremko ya Mlima Meru maji ni ya watu wengi. Mfereji huchepushwa mtoni huko juu, ukapita kihamba kwa kihamba, kila kaya kwa zamu yake, na wa chini hupokea kilichopita kwa wa juu. Kisa hiki ni cha mkulima mmoja, lakini wapo wengi watakaojiona ndani yake.

Mkulima huyo wa upande wa Akeri alivuna nyanya, kisha palepale akapanda mibiringanya. Hesabu yake ilikuwa soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, ambako madalali wa mjini hununua kwa gunia. Miche ilishika vizuri. Ilipoanza kutoa maua, mashina mawili matatu yakalegea saa za jua kali, majani yakiwa bado mabichi kabisa, bila hata doa la njano. Jioni yakasimama tena. Akasema ni kiu, akafungulia maji. Siku chache baadaye safu nzima ililala na haikuinuka. Akanunua dawa ya ukungu kwenye duka la pembejeo, akapiga mara ya kwanza na ya pili. Pesa ikaenda, mimea ikafa.

Hapo ndipo alipofanya kosa kubwa zaidi. Kwa kuona aibu, na kwa kuhofia madalali wakisikia watashusha bei, aling'oa mimea iliyokufa usiku na kuitupa mferejini.

Haukupita muda, binti wa mdogo wake, anayelima ngogwe upande wa chini, akaja.

"Shikamoo, baba mkubwa. Ngogwe zangu zinalala mchana, sijui nifanyeje."

"Marahaba, mwanangu. Hilo jua tu. Ongeza maji."

Binti akaongeza maji, kwa kuwa aliyemwambia ni mkubwa wake. Shamba lake lote likakauka kabla hajachuma mara tatu.

Bwana shamba alipoitwa, alikata kipande cha shina karibu na mzizi, akakishikilia ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa. Baada ya dakika chache uzi mweupe ukaanza kushuka kutoka kwenye mkato, kama maziwa yanayomiminwa polepole. Huo ni mnyauko bakteria. Kijidudu chake, Ralstonia solanacearum, huishi udongoni, huingia kupitia majeraha ya mizizi, mara nyingi yaliyoachwa na jembe au minyoo fundo, kisha huziba njia za maji ndani ya shina. Mmea hufa kwa kiu huku umesimama kwenye tope. Kumwagilia zaidi humsaidia adui, maana unyevu na joto ndivyo anavyovipenda, na maji yanayotiririka ndiyo gari lake. Dawa ya ukungu haimgusi, na hakuna dawa ya dukani inayouponya mmea ulioshikwa.

Nyanya zilizotangulia zilikuwa zimemkaribisha adui huyo. Nyanya, biringanya, ngogwe, pilipili, viazi mviringo na mnavu ni ukoo mmoja; hata ndulele inayoota kandokando ya mfereji ni ndugu yao na inaweza kuuhifadhi ugonjwa. Shamba lililoambukizwa lipumzishwe ukoo huo kwa miaka mitatu au zaidi, lipandwe mahindi, vitunguu au kabichi. Mimea iliyougua ing'olewe na mizizi yake, ichomwe moto. Jembe lioshwe kabla ya kuingia shamba jingine, na miche isichukuliwe kwenye kitalu kilichokaa juu ya udongo wenye ugonjwa.

Biringanya na ngogwe zenyewe hazina hatia. Kituo cha Utafiti wa Mboga Duniani, ambacho kimekuwa na tawi lake Arusha tangu 1992, kinajulikana kwa kazi yake juu ya ngogwe. Kituo hicho pia kimependekeza mibiringanya aina ya EG195 na EG203 itumike kama shina la chini la kupandikizia nyanya, kwa sababu mizizi yake huustahimili mnyauko huu.

Yule mkulima alipoteza msimu mmoja, na hilo husameheka. Jibu alilompa mtoto wa ndugu yake halisameheki kirahisi, kwa sababu alikuwa ameshaona kwa macho yake kwamba maji hayakusaidia. Wewe unayelima kwenye mfereji, ukiona mibiringanya yako imelegea mchana na majani bado mabichi, kata shina, lijaribu kwenye glasi siku hiyohiyo. Uzi mweupe ukishuka, funga maji yako, mwite bwana shamba, na uwaambie walio chini yako kabla ya zamu yao kufika.