Tufunge Ndoa Hapa au Huko Ng'ambo?



Zamani vijana waliotaka kuoana walitujia sisi makatekista na shida za mahari, za wazazi waliokataa, au za mchumba wa dhehebu lingine. Shida hizo bado zipo, lakini sasa imeongezeka nyingine. Binti amepata kazi ya uuguzi Uingereza. Kijana ana mchumba aliye Marekani. Dada ametia sahihi mkataba wa miaka miwili Ghuba. Wanauliza: "Katekista, tufunge ndoa hapa nyumbani kabla ya safari, au tungoje tufunge huko huko?" Na mara nyingi wanauliza wakati tiketi imekwisha kukatwa.

Mimi huwajibu kwa swali. Je, mtaanza lini kuishi chini ya paa moja? Wengi hutazamana, kwa maana jambo hilo hawajalizungumza. Wamezungumza viza, wamezungumza nauli, hata rangi ya nguo za wasimamizi wameijua, lakini siku ya kuishi pamoja hawaijui. Ndugu zangu, anzeni hapo. Nchi ya kufungia ndoa itajulikana mkishajua ni wapi na ni lini mtakuwa mume na mke katika nyumba moja.

Fungueni Kitabu cha Tobiti. Kijana Tobia alitumwa na baba yake kutoka Ninawi aende Umedi kuchukua fedha zilizowekwa amana. Njiani, huko Ekbatana, akaingia nyumbani kwa Ragueli na kumposa Sara. Tazameni mambo yalivyofanyika. Ndoa haikungoja mpaka wafike Ninawi, wala hawakuondoka wawili hao kimya kimya wakisema mambo ya ndoa yatatengenezwa huko mbele. Ragueli alimwita mkewe, akataka karatasi, akaandika hati ya ndoa na kuitia mhuri. Usiku ule bwana na bibi arusi walisali pamoja. Wakafanyiwa karamu ya siku kumi na nne, ndipo wakaondoka, wote wawili, kwenda kwa wazazi wa mume, ambako walipokewa kwa karamu nyingine. Basi mnaona: wazazi walijua, hati iliandikwa, sala ilisaliwa, na safari ilikuwa ya watu wawili.

Sasa mwangalie Yakobo. Yeye pia alioa ugenini, kwa mjomba wake Labani. Alitumika miaka saba kwa ajili ya Raheli, na asubuhi akakuta amepewa Lea. Alipolalamika, Labani alimjibu kwamba kwao mdogo haozwi kabla ya mkubwa. Labani alikuwa mdanganyifu, sawa. Lakini Yakobo naye alikaa miaka saba katika nchi ile asiulize desturi ya ndoa ya mahali pale. Kila nchi ina Labani wake, na siku hizi Labani anakaa ofisi ya uhamiaji.

Nitataja mambo machache ya nchi ambazo watu wetu huziendea zaidi. Masharti haya hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo kabla ya kulipa chochote ulizeni kwenye ubalozi wenyewe, msimwulize wakala wa mtaani.

Tuanze na Uingereza. Binti muuguzi aliyeajiriwa huko kwa viza ya wahudumu wa afya anaweza kuombewa mumewe amfuate, akionyesha cheti cha ndoa. Viza ya mchumba hawezi kumwombea, kwa sababu hiyo ni ya anayemposa raia wa huko au mtu aliyekwisha kupewa ukaazi wa kudumu. Iko viza ya mgeni anayekwenda tu kufunga ndoa, lakini hiyo hairuhusu kubaki. Harusi ikiisha, bwana arusi anarudi Kenya peke yake. Kwa hiyo binti huyu akiondoka bila ndoa, huenda akalazimika kurudi baadaye kuifunga hapa hapa, kwa likizo ya wiki chache na nauli mara mbili. Kwa hao jibu langu ni fupi: fungeni nyumbani kabla ya safari. Wale wanaotunza wazee hali yao ni nyingine. Tangu Machi 2024 anayeingia kwa kazi hiyo haruhusiwi kuchukua mume, mke wala watoto, na Julai 2025 nchi hiyo ilifunga mlango wa kuajiri watunzaji wapya kutoka ng'ambo. Kuna ndoa changa za nchi yetu ambazo sheria hiyo imeziweka mbalimbali.

Marekani ina njia mbili. Raia wa huko anaweza kumwombea mchumba wake viza. Huyo akiingia, ndoa ifungwe katika siku 90, la sivyo aondoke. Au wafunge ndoa kwanza hapa Kenya, kisha mke au mume aombewe viza akiwa nyumbani. Mwenye kadi ya kijani hawezi kuomba viza ya mchumba kabisa. Yeye huombea mke au mume tu, na foleni yaweza kuwa ya miaka. Tena, kama ndoa haijatimiza miaka miwili siku ya kuingia, ukaazi hutolewa kwa sharti kwa muda wa miaka miwili, kisha ofisi huuliza tena kama kweli mnaishi pamoja.

Hapo kwenye viza ya mchumba nataka kukaa kidogo, maana ndipo watu wetu hujikwaa bila kujua. Viza hiyo ni ya watu ambao hawajaoana. Sasa, Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 huitambua ndoa ya kimila, na husema kwamba pale ambapo mahari ndiyo ushahidi wa ndoa, hata sehemu ndogo ya mahari yatosha. Kijana amepeleka mahari, wazee wamekula, na kwa Wakikuyu bega la mbuzi limekatwa, yaani ngurario imefanyika mbele ya watu mia tatu na picha zimepigwa. Kesho yake binti anakwenda ubalozini kuapa kwamba yeye ni mchumba tu. Afisa anaweza kumwambia: wewe ni mke wa mtu, na viza hii si yako. Mwaka mzima wa kungoja unapotea. Mkichagua njia ya mchumba, wazee waambiwe mapema, posa iishie kwenye kujuana na kuahidiana, na sherehe ya kukamilisha ingoje. Wazee wakielezwa kwa heshima huelewa. Wanachokasirikia ni kufichwa.

Na njia hiyo ina shida ya pili, ambayo ni ya Kanisa. Siku 90 ni miezi mitatu, na parokia nyingi za Marekani huomba kama miezi sita ya kuwaandaa wachumba. Binti anafika, padri anamwambia asubiri, siku zinakwisha, wanakimbilia mahakamani. Kwa sisi Wakatoliki hiyo bado si Sakramenti. Kanuni ya 1108 ya Sheria za Kanisa hutaka ndoa ifungwe mbele ya padri, au shemasi mwenye ruhusa, na mashahidi wawili. Wengine hukaa hivyo miaka na miaka, Jumapili wanabaki kitini wenzao wakienda kukomunika, na nyumbani mama anajua mwanawe ameolewa. Haikuwa lazima. Wangeweza kumaliza mafundisho hapa Kenya kabla ya safari. Paroko wa hapa anawahoji, anaandika kwamba hakuna kizuizi, anapeleka karatasi kwenye ofisi ya Askofu, nayo inazituma jimbo la huko. Padri wa huko akizipata mapema, miezi mitatu inatosha.

Ghuba nitaisema kwa kifupi, lakini isikieni. Qatar kuna kanisa kubwa la Kikatoliki, la Mama Yetu wa Rozari, lililofunguliwa mwaka 2008 mjini Doha, na katika Falme za Kiarabu pia zipo parokia. Saudia hakuna kanisa la hadhara, na dada aliye kazini katika nyumba ya mtu hana nafasi ya kutafuta padri. Anayemwambia binti, "Tutaoana tukifika huko," anamwahidi kitu asichoweza kumpa. Akipata mtoto huko bila cheti cha ndoa, kumwandikisha mtoto huyo huwa taabu kubwa, na kurudi naye nyumbani ni taabu zaidi. Wazazi, mwambieni binti jambo hili kabla ya kumsindikiza uwanja wa ndege.

Sasa nije kwenye maneno ninayoyasikia kila mwaka: "Tufunge kwa AG kwanza, tupate cheti cha viza. Ya kanisani tutafanya tukirudi, tukiwa na pesa." Wapenzi, mnajitwika mizigo miwili bure. Hapa Kenya ndoa ya kanisani, ikifungwa na padri mwenye leseni, ni ndoa ya serikali pia. Cheti mnachotia sahihi siku ile ndicho mtakachopeleka ubalozini. Sivyo ilivyo kila mahali. Ufaransa na Ubelgiji, kwa mfano, sheria hutaka mwende kwanza kwa meya ndipo mwende kwa padri. Sisi hapa tumerahisishiwa. Kinachowarudisha nyuma si cheti, ni sherehe: hema, magari, keki ya ngazi saba, na kamati ya harambee inayokutana miezi minane. Kanisa halijaagiza hayo. Linataka ninyi wawili, padri, mashahidi wawili, na nia safi. Nimeona ndoa ikifungwa katika Misa ya asubuhi siku ya kazi, watu ishirini, chai na mandazi baadaye katika ukumbi wa parokia, na siku kumi baadaye wakawa wameondoka. Jumuiya yao ndogo iliwaimbia mpaka getini. Sijui harusi gani kubwa ingewapa zaidi ya hapo.

Wako wanaonong'ona jambo baya zaidi. "Nitamwoa mtu wa huko kwa karatasi tu, nikipata kadi namwacha, wewe ningoje." Hapana, kijana wangu. Mbele ya sheria ya Marekani huo ni uhalifu wa kifungo cha hadi miaka mitano na faini ya hadi dola 250,000, na mlango wa kuombewa tena hufungwa. Mbele ya Mungu umesema "ndiyo" kwa mdomo na "la" moyoni, na umemfanya mtu aliyeumbwa kwa mfano wake kuwa daraja la kuvukia. Na yule aliyebaki Kenya akikungoja, umemfundisha nini juu ya neno lako?

Wengine hawaoi kwa uongo, ila wanaficha. Amefunga ndoa hapa, ana mke na mtoto, lakini kwenye fomu anaandika yeye ni kapera, eti atapata haraka. Kanada wameliweka wazi: mke au mtoto ambaye hukumtaja ulipoingia, unaweza kukataliwa kumdhamini baadaye. Kalamu moja imemfanya mkeo kuwa mgeni. Na Kanisa nalo lina kumbukumbu. Ndoa popote ilipofungwa hupelekwa kuandikwa kwenye kitabu cha ubatizo cha parokia ulikobatizwa. Utakapotaka kuoa kanisani tena, uwe Toronto au Turbo, cheti kipya cha ubatizo kitaombwa, na kitasema.

Kwa wale watakaofunga nyumbani halafu mmoja atangulie, nina neno moja zaidi. Torati ya Musa ilimzuia mume mpya asiende vitani mwaka wa kwanza, akae nyumbani amfurahishe mkewe. Tulioishi katika ndoa tunajua kwa nini. Mwaka wa kwanza ndipo mtu hujifunza mwenzake akikasirika hunyamaza au hupiga kelele. Papa Yohane Paulo II, katika wosia wake Familiaris Consortio wa mwaka 1981, alizitaja familia za wanaohama kutafuta kazi kuwa kati ya zile zinazohitaji uangalizi wa pekee wa Kanisa. Kama kutengana hakuepukiki, wekeni tarehe ya mwisho na iandikeni, wala msiipite bila kuzungumza. Miezi sita huvumilika. "Tutaona" haivumiliki. Ikiwa hamwezi kutaja tarehe, basi swali lenu si nchi gani mfungie ndoa. Ni kama mfunge sasa au mngoje, na kungoja mkiwa wachumba waaminifu si aibu.

Parokia ya kufungia ndoa ni ile ambayo mmoja wenu anakaa, au amekaa walau mwezi mmoja. Mahali pengine mtahitaji ruhusa ya paroko wenu au ya Askofu. Mwambieni paroko mapema, miezi sita kabla ya safari ikiwezekana, si wiki mbili. Tayarisheni bahasha: vyeti vya ubatizo visivyozidi miezi sita, vya Kipaimara, barua ya jumuiya, vitambulisho, na kama mtafunga ng'ambo, cheti cha kutokuwa na kizuizi kutoka kwa Msajili wa Ndoa, Sheria House, Nairobi. Cheti cha ndoa mkishakipata, hakikisheni majina yameandikwa sawasawa na yaliyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Nakala moja aachiwe mama.