Je, Ujuzi wa Mchezo Wahalalisha Kamari?



Kijana mmoja katika watoto wa mji wetu, ambaye kazi ya ukarani wa chai imempeleka Kericho, ametuandikia barua na kutuuliza suala ambalo twaona si lake peke yake. Hatumtaji jina, kwani ametutaka siri, nasi twamshukuru kwa kuuliza kabla ya kuzama zaidi. Asema kwamba kila msimu wa michezo unapokaribia, ukiwa wa mpira wa hapa kwetu au wa raga ya Uingereza, yeye husoma habari za kila timu. Hujua nani amesajiliwa, nani ameumia, na timu ipi hulegea ikicheza ugenini. Kisha huweka dau kwa simu yake. Hoja yake ni kuwa yeye habahatishi, bali atumia ilimu. Mnunuzi wa chai naye hukisia bei ya mwezi ujao, na mkulima wa Bomet hukisia mvua. Basi kwa nini wao wawe katika halali na yeye awe katika haramu? Na mwisho wa barua ameongeza maneno machache ambayo kwetu sisi ndiyo mazito zaidi: kwamba zile pesa alizokuwa akimwekea mama yake za kuezekea nyumba, nusu yake zimekwisha.

Suala hili halifai kujibiwa kwa makemeo. Aliyeuliza kwa hoja hujibiwa kwa hoja. Na tuanze na hiyo chai aliyoitolea mfano, kwani sisi watu wa pwani twaijua. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969, na tangu hapo chai ya Kericho na Bomet hushuka mpaka kwenye maghala yetu ikanunuliwe. Hatukatai kwamba katika biashara hiyo mna hatari. Nchi ile ni katika pahala panapojulikana duniani kwa wingi wa mvua ya mawe, na saa moja tu ya mawe yaweza kuharibu shamba lililotunzwa miezi. Bei ya mnadani nayo hupanda na kushuka, na mkulima mdogo hajui bonasi yake ya mwaka itakuwa kiasi gani mpaka itangazwe.

Walakini hatari si kamari. Lau kila chenye hatari kingekuwa kamari, basi baharia asingetweka tanga, wala mvuvi asingetia wavu majini. Tofauti ni hii: mkulima huhatarisha jasho lake ili jani lipatikane ambalo halikuwapo. Apatapo, mchumaji amepata ujira, kiwanda kimepata kazi, mnunuzi amepata bidhaa, na mnywaji amepata kikombe chake. Mnunuzi naye huletewa sampuli, akaionja kabla ya kununua. Na bei ikimwendea kinyume, chai yake ingali ghalani. Ama mwenye kuweka dau, hatari yake haikuzalisha hata punje. Mchezo ungechezwa vile vile bila ya shilingi yake. Hawezi kupata illa mwenziwe akose, na alichokipata hakukibadilisha kwa kitu chochote. Hii ndiyo maisiri iliyokatazwa: si kule kutojua ya kesho, kwani sote hatuyajui, bali ni kuila mali ya mwenzio kwa njia ya kutojua huko.

Kijana wetu atasema: "Lakini mimi najua!" Vema, na tuipime ilimu hiyo. Mwenye kuweka dau hakosi kuwa mmoja wa watu wawili: ama ayajua matokeo, ama hayajui. Ikiwa hayajui, abahatisha, hata akisoma magazeti usiku kucha. Na ikiwa ayajua kweli, basi amemlaghai yule asiyejua. Mfano wake ulitokea katika hiyo raga ya wachezaji 13 ya Uingereza. Mwaka 2004 wachezaji wawili wa timu ya St Helens, Sean Long na Martin Gleeson, waliweka dau kwamba timu yao wenyewe itashindwa na Bradford, kwa kuwa walijua kwamba timu itakayoteremshwa uwanjani siku ile ni dhaifu. Ilimu yao ilikuwa sahihi, na St Helens ikashindwa. Je, walisifiwa kwa ilimu? Walifungiwa, mmoja miezi mitatu na mwengine minne. Basi tazama: ujuzi uliotimia katika kamari huitwa udanganyifu hata na wale wasioiona kamari kuwa ni dhambi.

Labda atasema kwamba yeye yu katikati: hajui yakini, ila ajua zaidi ya wengi. Hapo tumwonyeshe hisabu, maana karani haogopi hisabu. Chukua timu mbili zilizo sawasawa. Haki ingekuwa atakayeweka shilingi 100 na kushinda alipwe 200. Kampuni haimlipi hivyo. Humlipa, tuseme, 185. Wakiweka wawili, huyu upande huu na yule upande ule, kampuni imepokea 200, imetoa 185, na 15 zimebaki kwake, ashinde ashindaye. Na akiunganisha michezo mitano namna hiyo katika kile vijana wanachokiita mkeka, nafasi ya kupata yote ni moja katika 32, na malipo ni kama mara 21 na kitu tu. Kila mchezo anaouongeza waiongezea kampuni fungu lake. Tena wapangao viwango hivyo ni watu waliosomea hisabu, wenye kuzijua habari zote anazozisoma yeye, na zaidi. Mwenye kujua zaidi ya wengi hapa ni kampuni, si karani wa Kericho. Na sisi tuliozowea kuutandika mkeka kwa mgeni na kwa sala, yatuuma kuona jina lake limepewa karatasi ya kuombea bahati.

Na liko jambo kubwa kuliko hisabu. Mpiga ramli wa mchezo adhani kwamba yeye yu nje ya uwanja, hutazama tu. Si kweli, pesa yake huingia uwanjani. Na ushahidi hatuutafuti mbali, kwani uko papo hapo anapoishi. Mwaka 2017 timu ya Zoo ya Kericho iliingia ligi kuu ya mpira ya Kenya, ikawa ni fakhari ya nchi ya chai, na watu wakaenda uwanjani kushangilia timu ya kwao. Mwezi wa Aprili 2021 kamati ya nidhamu ya FIFA ikaitoa timu hiyo katika ligi na kuishusha daraja, kwa kosa la kupanga matokeo ya michezo. Hatusemi kwamba kila aliyevaa jezi yake alikuwa na hatia. Bali hiyo ndiyo huzuni yenyewe, kwamba aliyecheza kwa moyo na aliyeshangilia kwa moyo walishuka pamoja na waliouza. Na matokeo hununuliwa kwa nini? Kwa kuwa yako madau juu yake. Penye mnunuzi hapakosi muuzaji, na mchezaji ambaye mshahara wake ni haba huambiwa kwamba kufungwa kwake kuna thamani kuliko kufunga. Basi yule aliyesoma habari za timu msimu mzima, alisoma nini? Alisoma nguvu za miguu, na mchezo ukaamuliwa na bahasha.

Wako wasemao kwamba kampuni hizi huisaidia michezo. Hatukatai, Qur'ani yenyewe, katika Sura ya al-Baqara, imekiri kwamba ulevi na kamari vina manufaa fulani kwa watu, kisha ikabainisha kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Na manufaa hayo tumeyaona. Mwezi wa Januari 2018, kodi ya kamari ilipopandishwa mpaka asilimia 35, kampuni ya SportPesa ilitangaza kuuondoa udhamini wake wa michezo nchini Kenya, na klabu zilizokuwa zikiutegemea zikashikwa na fadhaa. Huko Uingereza nako, ligi kuu ya hiyo raga imebeba jina la kampuni ya kamari, Betfred, tangu mwaka 2017. Mchezo uliotiwa katika kwapa la mwenye kamari hauna budi kumcha yeye kabla ya kumcha mtazamaji.

Asije mtu akatufahamu vibaya, akadhani twaharimisha michezo. La, hasha! Mashindano ya farasi, ya ngamia na ya mishale yalikuwapo tangu zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, na wanavyuoni wameruhusu mshindi apewe tunzo, khasa itokapo kwa mtu wa tatu asiyeshindana. Waliyoyakataza ni dau la wanaochangiana ili mmoja ale na mwengine aliwe, sembuse la watazamaji. Basi kijana wetu na aipende timu yake. Na aende uwanjani, alipe kiingilio, ashangilie mpaka sauti imkauke. Hizo ni pesa alizonunulia kitu, na klabu zitaifaa.

Ama nasaha yetu kwake ni tatu. Kwanza, aifute hesabu yake ya kamari katika simu leo, si baada ya kurudisha alichopoteza. Kwani neno hilo la "nirudishe kwanza" ndilo mlango wa kurudia. Pili, alichopata kwa njia hiyo akitoe kwa masikini bila ya kutaraji thawabu ya sadaka, maana si mali yake. Tatu, na hili ndilo gumu, amwambie mama yake ukweli. Mama ataumia, walakini ataumia mara moja. Na ile nusu iliyobaki itafika darini. Aliyeificha khasara hana wa kumzuia kesho; aliyeisema amejipatia mlinzi.

Nasi wazee tusijitie pembeni. Simu ile ile iliyomo mkononi mwa kijana wa Kericho imo mikononi mwa wanetu hapa, nasi huwauliza wamerudi saa ngapi, hatuwaulizi mshahara umekwenda wapi. Na tuanze kuuliza, kwa upole, kabla barua kama hii haijatoka nyumbani mwetu wenyewe.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuongoa katika njia iliyonyoka.