Tunayoyajua Kuhusu Chaja na Hatuyasemi

Fedha za korosho zinapoanza kuingia, minada ya Oktoba na Novemba ikishapita, vijijini kwetu huongezeka mabati mapya na huongezeka spika. Kijana aliyekuwa na redio ya betri mbili sasa anatembea na spika ya kuchaji, ina taa, ina mahali pa flashi na pa memori kadi. Aliyejaliwa zaidi analeta sabufa. Ni haki yao. Aliyebeba mashine ya kupulizia salfa tangu katikati ya mwaka, kisha akaziokota korosho mgongo ukiwa umepinda, anastahili kusikiliza nyimbo azipendazo, na sisi wakubwa tusiwe wepesi wa kumkunjia uso. Ndugu zangu, nasaha yangu haiugusi muziki wenyewe. Inagusa umeme na betri zinazouendesha, na mikono yetu inayopokezana kifaa huku kila mmoja akiufahamu ubovu wake na kunyamaza.

Tuanze sokoni. Muuza chaja anaijua bidhaa yake. Anajua kwamba ile ya bei ya chini inapata moto dakika chache tu baada ya kuchomekwa, na kwamba jina lililoandikwa juu yake si la aliyeitengeneza. Kazi ya chaja ni kuushusha umeme wa ukutani, volti 230, hadi volti 5 zinazohitajiwa na spika ndogo au simu, na kuzitenga kabisa pande hizo mbili. Katika chaja ya hovyo utengano huo ni mwembamba mno, na siku ukivunjika, umeme wa ukutani unafika kwenye waya ulioshikwa na mtoto. Mnunuzi haoni hayo kwa macho. Muuzaji anayahisi kila anaporudishiwa chaja iliyoungua, naye huitupa kando na kumpa mteja nyingine ya namna ileile.

Sisi tumeikemea kangomba, ule ununuzi wa korosho wa dhuluma, miaka mingi. Tunaujua uchungu wa mkulima anayepokonywa korosho zake kwa kipimo cha dhuluma, kwa kuwa ana shida na msimu haujafika. Basi anayemuuzia mkulima huyohuyo chaja bandia kwa kutegemea shida yake na kutojua kwake, ametofautiana na mnunuzi wa kangomba kwa lipi? Shirika la Viwango Tanzania lipo tangu mwaka 1975, na Tume ya Ushindani hukamata bidhaa bandia, lakini hakuna mkaguzi atakayesimama mbele ya kila meza ya gulio kutoka Masasi hadi Kitangari. Pale mezani shahidi ni dhamiri ya muuzaji. Mnunuzi naye ana lake la kujibu, maana wapo wanaoitaka chaja ya bei ya chini kuliko zote kwa kuona haya kusema kwamba fedha haikutosha. Hakuna aibu katika kungoja wiki mbili huku ukiazima chaja nzima ya ndugu yako.

Nyumbani ndiko ukimya unakodhuru zaidi. Spika nyingi za siku hizi zina betri ya lithiamu. Seli moja hujaa inapofika volti 4.2; ikisukumwa kupita hapo, ikitobolewa au ikipashwa joto kali, huweza kuwaka kwa moto unaojichochea kutoka ndani. Ndiyo maana haifai kuchajiwa juu ya godoro, wala ndani ya chandarua, wala ikiwa imeegemezwa kwenye ukuta wa nyumba ya nyasi. Iwekwe sakafuni pa saruji au pa udongo mtupu, watu wakiwa macho, na ikijaa ichomolewe. Ikivimba, isichajiwe tena hata mara moja.

Wengi wetu twayajua haya. Mama ameiona spika imetuna ubavuni, akanyamaza kwa kuhofia kuambiwa hajui mambo ya vijana. Baba amesikia harufu ya plastiki inayoungua, akajiridhisha kwamba inatoka kwa jirani. Fundi aliyeifungua ameona seli imechoka, akaifunika na kupokea ujira wake. Kila mmoja alikuwa na neno moja tu la kusema, na neno lenyewe lisingemgharimu kitu. Nia zao hazikuwa mbaya, nakubali. Lakini mtu akiungua, nia njema ya aliyenyamaza haimfai kitu.

Wazee wenzangu wa redio za betri kavu nao nawakumbusha: betri mpya isichanganywe na kuukuu, betri iliyovuja itolewe upesi, na hizi za kutupa zisijaribiwe kuchajiwa. Zile betri bapa ndogo za rimoti ni hatari kubwa kwa watoto. Mtoto akimeza moja, inaweza kumuunguza koo na umio ndani ya saa 2. Asingojewe hadi asubuhi; akimbizwe hospitali ya Ndanda, ya Mkomaindo au ya Newala saa hiyohiyo, na aliyeiacha wazi aseme ukweli kwamba mtoto amemeza betri, ili daktari asipoteze muda akitafuta ugonjwa mwingine.

Kisha kuna swali la umeme wenyewe unatoka wapi. Gharama ya kuunganishiwa umeme kijijini imeshushwa hadi shilingi 27,000, na nguzo zimefika mahali ambapo wengi wetu hatukutarajia kuziona. Hata hivyo bado tunavutiana waya. Waya mwembamba unatoka dirishani kwa mmoja, unapita juu ya mikorosho, unaingia kwa mwingine, na viungo vyake vimefungwa kwa mfuko wa plastiki. Kumsaidia jirani ni jambo jema, lakini anayeusaidia waya ule kupita amewasogezea wapita njia kifo bila kuwauliza, hasa mvua za Desemba zikianza. Anayeuvuta bila kupitia mita, basi huyo anawalipisha wenzake muziki wake, na anajua.

Wapo pia wanaochomeka chaja popote wanapoona tundu: msikitini, kanisani, ofisi ya kijiji, zahanati. Kuomba ruhusa ni neno dogo linalohifadhi heshima ya mwombaji na ya mwenye mahali. Kwenye zahanati nasisitiza zaidi, maana soketi moja inaweza kuwa ndiyo ya jokofu la chanjo, na chanjo zile hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kulichomoa jokofu ili spika ijae ni jambo ambalo mtu hulifanya tu pale ambapo hakuna anayemwona, na hilo pekee lamtosha kujua kwamba anakosea.

Wenye sola wasidhani wamesalimika. Paneli iitwayo ya volti 12 huweza kutoa zaidi ya volti 20 jua la mchana likiwaka, kwa hiyo kuiunga moja kwa moja na spika ni kuiua betri au kuiwasha moto. Kifaa cha kudhibiti chaji kikae katikati. Mwenye kibanda cha kuchajisha, ambaye sisi tusio na umeme humwachia vitu vyetu na kwenda zetu, amepokea amana. Asiviunganishe vifaa kumi kwenye tundu moja kwa ajili ya mia tatu au mia tano za ziada.

Barabarani, vijana wetu wa bodaboda hupenda kufunga spika kwenye pikipiki. Waya ukitoka kwenye betri ya volti 12 uanzie na fyuzi karibu kabisa na betri, upite mbali na tangi la petroli na usikwaruzwe na chuma. Kwa kifaa cha volti 5 kuwe na chaja ya gari iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Na masikio yaachwe wazi: abiria unayempandisha mwinuko wa Newala amekukabidhi uhai wake, nawe ukiziba masikio huisikii honi ya lori nyuma yako. Anayesafiri kwa ndege kutoka Mtwara aiweke pawabenki kwenye mkoba wa mkononi, isiingie kwenye begi linalokwenda chini. Akiulizwa kama anayo, asijibu hapana ilhali ipo.

Wakati wa jando na unyago, ngoma inapokesha na umeme ukakatika, jenereta huwashwa. Isiwashwe ndani ya nyumba wala barazani penye dirisha lililo wazi. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, humlaza mtu naye hajui kwamba anakufa. Wenye shughuli, wazazi wa mwali, hawa ndio wa kusema jenereta iende uwanjani, hata kama mwenye muziki atalalamika kwamba waya ni mfupi.

Zimebaki betri zilizokufa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, watu waliishi kando ya kiwanda kilichoyeyusha betri za gari, na madini ya risasi yakaingia katika damu ya watoto wao. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kwetu hakuna kiwanda cha namna hiyo, ila wapo wanaozipasua betri za sola na za pikipiki uani na kuyeyusha risasi kwa sufuria, watoto wakiwa wameizunguka. Betri hizo zirudishwe dukani zinakonunuliwa kama chakavu. Za lithiamu zilizovimba ziwekwe ndani ya mchanga mkavu, nje ya nyumba, mbali na moto na takataka zinazochomwa, hadi zipate kupelekwa kwa fundi mjini anayeweza kuzipokea. Na yule anayeyeyusha risasi uani, twende kwake mchana, tumsalimie, tumwambie mbele ya mkewe na wanawe ile sufuria ina nini.