Sabato na Maabara ya Kompyuta
Katika Kaunti ya Nyamira wapo Waadventista Wasabato wengi, yaani Wakristo wanaoitakasa Jumamosi kuanzia machweo ya Ijumaa, tangu umisheni ulioanzia Gendia mwaka 1906 ulipofika nchi ya Abagusii, wenyeji wa Nyamira. Kwa hiyo, swali la iwapo chuo cha bweni chenye imani hiyo kifunge maabara ya kompyuta na kuzima intaneti saa za Sabato ni la kidini, wala si la ratiba tu. Amri ya Sabato katika Kutoka 20 humpumzisha hata mtumishi, hivyo msimamizi wa maabara naye hana budi kufikiriwa. Lakini maabara ikifungwa, mwanafunzi mwenye simu na bando huendelea kusoma bwenini, ilhali asiye navyo hunyimwa. Na pumziko, ambalo kiteolojia ni kuiacha kazi kwa kumtumainia Mungu, haliwezi kuzaliwa na ufukara. Iliyo haki zaidi, pengine, ni chuo kurefusha saa za maabara usiku wa Alhamisi na Jumapili, ili anayeiacha kompyuta Ijumaa jioni aiache kwa hiari, kazi yake ikiwa imekwisha.